Kiatu Kilichobaki Kisarawe

Nawajua ninyi watu wa Sikonge. Mtu akiwaambia amesafiri, hamuulizi alifika wapi, mnauliza alifuata nini huko. Basi nisiwachoshe. Nilimfuata Tatu.

Tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa ofisi yetu hapa Kibaha: Safari ya Milimani, siku ya Jumapili, kwa basi la kukodi, kwenda na kurudi, pamoja na kiongozi wa kutueleza mandhari ya Pugu, Kisarawe na njia ya Maneromango. Wenzangu walijiandikisha kwa ajili ya hewa ya baridi na pilau. Mimi nilijiandikisha kwa sababu jina la Tatu lilikuwa limeshatangulia.

Tatu ni bibi shamba, na kwao ni Kisarawe. Mwaka mzima tumekaa vyumba vya ofisi vinavyopakana, na mwaka mzima nimemwambia "habari za kazi" naye akanijibu "nzuri". Ofisini wananisema, eti Maganga anaringia shahada yake. Laiti wangejua. Kabla sijafungua mdomo huwa naligeuza neno juu chini, naangalia linaweza kueleweka vibaya kwa njia gani, na nikishamaliza kuliangalia, niliyetaka kumwambia ameshaondoka. Sasa Tatu amehamishiwa Newala kwenye mikorosho, na alikuwa aondoke Jumatano. Nilitaka kumuuliza jambo moja tu: kama ningewatuma wazee wangu kwao, wangepokewa? Basi.

Kiongozi wa safari alikuwa ametuahidi kilele kimoja mbele ya Kisarawe, ambako mtu anasimama akaiona bahari na majengo ya Dar es Salaam. Nikapanga kwamba pale, watu wote wakiwa wameelekeza macho baharini, nitamwambia. Sentensi nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo cha kunyolea mpaka mwenzangu wa chumbani akaniuliza kama nimeitwa kwenye usaili.

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa Maili Moja, tumesimama kwenye umande. Basi halikuwepo. Dereva, Mzee Pazi, alikuwa bado anahangaika kutafuta dizeli, na kwa jinsi dizeli ilivyo siku hizi, kila mmoja wetu alijua maana yake. Jua lilichomoza, likapanda, likaanza kuuma. Kiongozi wetu, Ndugu Mfinanga, Mpare wa Usangi ambaye ni afisa utamaduni, alitumia muda huo kujaribu kipaza sauti chake cha mkononi. "Moja, mbili, ndugu wananchi. Moja, mbili." Alijaribu mpaka mbwa wa Maili Moja wakaanza kumjibu.

Basi lilipofika nikakabiliwa na suala la kukaa. Nikikaa karibu na Tatu mapema, watu wataona. Nikikaa nyuma yake, nitakuwa namsemesha kisogo. Nikikaa mbele, yeye ataona kisogo changu, na nilikuwa nimenyolewa vibaya. Nilisimama mlangoni nikitafakari huku wenzangu wakinipita kwa viwiko. Nilipoamua hatimaye kwamba liwalo na liwe, nitakaa kando yake, kiti kile kilikuwa kimeshachukuliwa na sufuria la pilau. Sufuria kubwa, limefungwa kwa kanga mbili, limekaa dirishani kama mkuu wa msafara.

"Ndugu Maganga, ulitaka kukaa hapa?" Tatu akaniuliza.

"Hapana, hapana," nikasema. "Nilikuwa naangalia kama limefungwa vizuri."

"Limefungwa."

"Naona."

Nikaenda kukaa nyuma kabisa, juu ya gurudumu.

Kutoka Kibaha hadi Ubungo hakuna mlima hata wa kusingizia, lakini Ndugu Mfinanga hakunyamaza. Alitueleza Kiluvya, akatueleza Kibamba, akatueleza Mbezi, mahali ambapo sote tunapita kila tukienda mjini. Tuliposhika Barabara ya Pugu na kuuacha uwanja wa ndege nyuma, nchi ilianza kuinuka kweli. Nawaambia ninyi mliozoea nchi tambarare ya miombo: barabara inapanda taratibu, udongo unakuwa mwekundu, minazi na mikorosho inabaki chini, na pande zote mbili msitu unakuja karibu, mweusi kwa unene wake, na hewa inayoingia dirishani ina harufu ya majani mabichi. Moyo wangu ulitulia kidogo. Kisha kipaza sauti kikakohoa.

"Ndugu wananchi, mkono wa kulia mnaona kilima. Kwetu Usangi hiki tungekiita kichuguu."

Mzee Pazi, ambaye ni Mzaramo wa huko huko, alibadilisha gia kwa hasira. "Wewe wa milima, shuka basi usukume gari. Maana kichuguu chenyewe kinalishinda."

"Nasema ukweli wa kijiografia tu, mzee wangu."

"Jografia yako kaitandike Usangi."

Ikawa hivyo njia nzima. Mtu aliyetutangazia Safari ya Milimani aliitumia safari yenyewe kututhibitishia kwamba hakuna milima. Kila tulipoona bonde zuri, alituambia la kwao ni zuri zaidi. Nilitamani kumnyang'anya kile kipaza sauti nikitupe korongoni, ila nikafikiri kwamba huenda ni mali ya serikali.

Pugu tulishuka kuyaona mapango. Mnaingia mlimani kwenye udongo mweupe kama unga, ndani ni giza na baridi, na juu popo wananong'ona kama darasa lisilo na mwalimu. Katika kusukumana nilijikuta nimesimama kando ya Tatu. Nilisikia anavyopumua. Nikawaza: kwa nini nisiseme hapa hapa? Gizani hataiona sura yangu, na hilo ni jema. Lakini nami sitaiona yake, na nitajuaje alivyolipokea? Tena, mtu anakumbuka mahali alipoombwa jambo kama hilo. Atawaambia watoto wake kwamba ilikuwa kwenye mavi ya popo? Nilikuwa bado kwenye swali hilo Ndugu Mfinanga alipoinua kipaza sauti chake mle ndani kutueleza matumizi ya ule udongo. Popo wote walitoka kwa pamoja. Na sisi pia.

Tulipofika Kisarawe mjini ilikuwa inakaribia saa sita, na ukungu ulikuwa umeshuka. Wazee wa pale wakasema ni jambo la kawaida kwa msimu huo. Tulisimama ukingoni, mahali pa kwanza pa kutazamia, tumejikunyata, na mbele yetu kulikuwa na weupe mtupu, kama tunatazama ndani ya kikombe cha maziwa.

"Pasingekuwa na ukungu," alisema Ndugu Mfinanga, "mngeona bahari upande ule."

"Upande upi?" mtu akauliza.

Akazunguka kidogo na mkono wake. "Ule."

Tatu alicheka. Nilifurahi kwamba alicheka, kisha nikaanza kuwaza kama alikuwa amenitazama mimi alipocheka. Sikuhuzunika sana na ukungu. Hapa hapakuwa pahali pangu. Pahali pangu palikuwa kilele kile kingine, mbele, baada ya chakula. Tukanywa chai ya rangi isiyo na sukari, tukapanda basi.

Njia ya Maneromango ndiyo nzuri kuliko zote, na ninawaambia hivyo ingawa sikuifikisha mwisho. Inapanda na kushuka kwenye migongo ya vilima. Ukiwa juu unaona mashamba ya mihogo na minanasi yametandazwa kwenye miteremko, ukishuka unavuka kijito chenye migomba, kisha unapanda tena. Ukungu ulikuwa unaanza kupasuka. Nikasema moyoni, sasa ndiyo. Nikairudia sentensi yangu, nikaiona bado nzima.

Hapo ndipo Tatu aliposimama, akashika chuma cha kiti, akasogea mbele.

"Ndugu Mfinanga, hapa mbele ni kwetu. Leo ni arobaini ya babu yangu. Naomba dakika kumi tu nikasalimie."

Ndugu Mfinanga akatazama saa yake kwa uchungu. "Ratiba, Dada Tatu. Tumebakiwa na kilele."

Lakini Mzee Pazi alikuwa ameshakanyaga breki. "Arobaini ya mzee wangu yule, mimi nipite na gari natazama pembeni? Kesho watasema nimekuwa Mpare."

Dakika kumi. Sijawahi kuona dakika kumi zikizaa kama zile za Kisarawe. Nyumba ilikuwa ya makuti, uwanja umefagiwa, hitma imeshasomwa, masufuria yako motoni. Mara wenzangu wote wakawa wameshuka, wakaamkia wazee, wakatandikiwa mikeka, na sufuria letu la pilau likashushwa likaunganishwa na ya wenyewe. Mimi nilibaki ndani ya basi. Nikishuka, nitajitambulisha kama nani? Nisiposhuka, watasema nimeringa hata msibani. Nilikuwa nimefika katikati ya fikra hizo nilipomwona Tatu anarudi na mwanamke mmoja mnene, mwenye sauti ya kuitia ng'ambo ya bonde. Huyu alikuwa shangazi yake, Bi Chausiku. Wakasimama chini ya dirisha langu.

"Huyu ndiye?" Bi Chausiku akauliza.

"Ndiye," Tatu akasema. "Hamisi Maganga. Mnyamwezi."

Wallahi alilisema hilo neno la mwisho kwa kulivuta. Bi Chausiku akapiga kigelegele, akageukia uwanjani: "Jamani ee! Mtani kaja! Mnyamwezi kaja!"

Ninyi hamhitaji kuelezwa utani wetu na Wazaramo. Babu zetu waliuanza walipokuja pwani na mizigo kichwani, na hadi leo, penye msiba wa Mzaramo, Mnyamwezi ana ruhusa ya kuwatukana wafiwa, nao wana ruhusa ya kumtukana yeye, na atakayekasirika ndiye mkosaji. Nilijua yote hayo. Niliyajua kama mtu anavyojua kuogelea kwa kusoma kitabu, maana tangu utoto nimekaa mabweni na hakuna msiba niliowahi kutumwa.

Walinishusha kwa mikono. Sijui kinu kilitoka wapi, ila kiliwekwa juu ya kichwa changu, kinu cha mti mzima, wanawake wawili wakikishikilia pembeni kisinivunje shingo.

"Mpagazi, twende! Zunguka nyumba!"

"Mbona umechelewa? Mzee kafa siku arobaini, au ulikuwa unakuja kwa miguu?"

"Mwacheni, huyu kasoma. Alikuwa anaipima njia!"

Wenzangu wa ofisini walikuwa wameanguka kwenye mikeka kwa kicheko. Nilizunguka nyumba. Nilizunguka mara ya pili, jasho linaniingia machoni, na sikusema neno. Nilikuwa natafuta la kusema. Kila nililolipata niliona litamuumiza mtu: mfiwa, mjane, marehemu. Kidogo kidogo vicheko vikapungua. Wakanitua kinu.

"Hana mdomo?" Bi Chausiku akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Akakaa kwenye kigoda. "Baba yangu alikuwa na mtani wake, Mnyamwezi wa reli. Yule mtani akamtangulia kufa. Baba akawa anasema, siku nikifa mtalia nyie mpaka mkauke, maana wa kuwachekesha ameshakwenda. Na kweli. Siku arobaini tumelia, hatujapata mtu wa kututukana."

Kando ya mlango alikuwa amekaa mjane, bibi mdogo wa mwili, amejifunika kaniki, ananitazama. Hakuwa anacheka wala analia. Alikuwa anangoja.

Sikufikiri. Hilo ndilo ninalotaka mlijue, kwa sababu halijawahi kunitokea.

"Nani kawaambia amekufa?" nikasema. "Mmehakikisha? Mimi nimetumwa kutoka Sikonge kuja kukagua. Maana Mzaramo anaweza kujilaza arobaini nzima akasingizia kufa, msimu wa kulima ukipita anaamka anauliza chakula kiko wapi!"

Uwanja ulilipuka. Bibi yule alijipiga paja. "Alikuwa hivyo! Hivyo hivyo!" akasema, na akacheka mpaka akavuta ncha ya kaniki machoni, na sasa machozi yalikuja, lakini yalikuja na kicheko.

Nikashindwa kunyamaza. Nikawaambia wana ngoma nyingi kuliko magunia ya mavuno. Nikawaambia Mungu aliwapa vilima ili wapate mahali pa kuegemea. Walinijibu kwa matusi ambayo siwezi kuyaandika, na mimi nikawajibu. Kisha, kwa mdomo ule ule ambao ulikuwa umeshachukua njia yake, nikasema:

"Na nikiondoka hapa siondoki mikono mitupu. Mpagazi harudi bila mzigo. Kinu chenu sikitaki. Namtaka huyu." Nikamnyooshea Tatu kidole. "Nimekuja kumposa. Nimekaa naye mwaka mzima chumba kwa chumba, sina usingizi. Semeni mnataka nini."

Mnadhani walifanya nini? Walicheka kuliko walivyocheka kwa yote! Mzee Pazi alishika mti asidondoke. Nilikuwa nimesema nilichokuja kukisema, mbele ya ukoo mzima, kwa sauti kubwa, bila kukosea hata neno, na hapakuwa na mtu mmoja aliyeniamini. Nilimtazama Tatu. Alikuwa ameinamia sinia, anapanga vikombe vilivyokuwa vimeshapangwa.

"Basi atoe rehani!" Bi Chausiku akapiga kelele. Kabla sijajua, wamenikalisha na kunivua kiatu cha kushoto. Akakiinua juu watu wakione. "Hiki kinakaa darini kwangu. Mnyamwezi akimtaka mchumba, aje na wazee wake. Asipokuja, nitafugia kuku."

Tukala. Tulikula mpaka Ndugu Mfinanga, aliyekuwa anapiga honi na kutangaza ratiba kwa kipaza sauti, akafuatwa ndani ya basi na kulishwa kwa nguvu. Alipomaliza sahani ya pili, Mzee Pazi alikwenda kuchungulia tangi, akarudi akitikisa kichwa. Dizeli ilitosha kilele au Kibaha, si vyote viwili. Basi likageuzwa. Mbingu, kama kwa makusudi, ilikuwa sasa imetakata kabisa.

Saa kumi na moja jioni tulikuwa tunateremka kuelekea Pugu. Sufuria lilikuwa limebaki kwa wafiwa, kwa hiyo kiti kilikuwa wazi, na mimi nilikuwa nimekaa juu yake, mguu mmoja na kiatu, mmoja na soksi. Tatu alikuwa anatazama nje. Kisha, bila kugeuka, akaniuliza taratibu:

"Yale uliyosema kule. Yalikuwa utani?"

Nikavuta pumzi.

"Ndugu wananchi!" Kipaza sauti. "Kabla hatujafika, kila mmoja wetu asimame aseme amejifunza nini!"

Wakasimama mmoja mmoja. Mmoja alijifunza umoja. Mwingine alijifunza kwamba pilau la Wazaramo lina viungo vingi. Zamu yangu ilipofika nilisema nimejifunza kubeba kinu, wakacheka, nikakaa. Na hapo, badala ya kumjibu yule aliyeniuliza, nikaanza kufikiri. Nikisema haukuwa utani, ataona nimetumia msiba wa babu yake kwa haja zangu. Nikisema ulikuwa utani, Jumatano anapanda basi la kusini. Na lile neno la shangazi, "huyu ndiye?" Ndiye nani? Ndiye Mnyamwezi tu, au alikuwa ameshatajwa kabla? Kama alitajwa, alitajwa kwa ubaya au kwa wema? Nilikuwa Ubungo nikiwa na swali hilo. Nilikuwa Mbezi nalo. Kiluvya nikaanza sentensi, nikaona ina kasoro.

Maili Moja tulifika taa za vibatari zimeshawashwa kwenye meza za wauza samaki. Tatu akachukua kikapu chake, akaniambia usiku mwema, akashuka. Nilimwona anavuka barabara. Niliona mgongo wake unaingia kati ya watu, na nikajua kwamba nikiikamilisha hiyo sentensi, nitakuja kuisomea Newala.

Nikaruka chini. Kokoto za Maili Moja zilinichoma unyayo nikawa naruka kwa mguu mmoja kama kuku aliyekatwa mguu.

"Tatu! Haukuwa utani!"

Wauza samaki waligeuka. Basi zima lilichungulia madirishani. Ndugu Mfinanga, namshukuru kwa hilo moja tu, alikishusha kipaza sauti chake.

Tatu alisimama. Alinitazama usoni, akautazama mguu wangu wa soksi, akanitazama tena usoni.

"Mbona umechelewa?" akasema, kama walivyoniuliza shangazi zake. Kisha akasema, "Basi kafuate kiatu chako. Na usiende peke yako."

Jumatano aliondoka kwenda Newala. Nilimsindikiza hadi kituoni nikiwa nimevaa ndala.

Mtauliza, nawajua, nilijifunza nini mimi. Bahari kutoka juu ya mlima sikuiona, na bado siwezi kuwaambia iko upande upi. Lakini nilikuwa nimengoja kilele, utulivu na sentensi isiyo na kasoro, nikapewa kinu, makelele na mguu mtupu, na jambo likasemeka. Sijui kama nitaweza kulifanya mara ya pili bila kuvuliwa kiatu. Ninajua tu kwamba mara ya kwanza imetosha.

Kwa hiyo baba, na wajomba zangu wawili, mkishamaliza kuvuna njooni. Treni itawashusha Ruvu, na mimi nitakuja kuwapokea. Njia ya Kisarawe nitawaeleza mwenyewe, kilima kwa kilima, bila kipaza sauti. Jiandaeni kutukanwa sana. Kiatu cha kulia ninacho hapa, nimekipaka dawa, kinang'aa.